Maini Aliyoyatupa Baba

Dada yangu alikuwa na miaka kumi na tisa tumbo lake lilipoanza kuonekana. Wa kwanza kulisema kwa sauti alikuwa fundi cherehani, mama mmoja Mkongomani kutoka upande wa Uvira, aliyepanga chumba cha mbele katika nyumba ya jirani yetu pale Muyinga. Tulikwenda kwake watatu, mama, dada na mimi, kujaribu gauni la harusi. Harusi ilikuwa imebakiza mwezi mmoja na nusu. Bwana harusi alikuwa kijana wa Gitega, mtoto wa muuza vitambaa, na watu wa mtaa wetu wa Waswahili walikuwa wamekwisha kuanza kuulizana nani atapika pilau.

Fundi alivuta zipu, ikakwama katikati ya mgongo. Akavuta tena. Akatoa utepe wake wa kupimia, akauzungusha kiunoni mwa dada, akautazama kwa muda mrefu.

"Mama," akasema, "hii nguo nilipima wiki tatu imepita. Mi sikoseaka kupima. Huyu mutoto umuulize vizuri."

Mama hakuuliza kitu. Alimpiga dada kofi pale pale, akiwa amelivaa gauni nusu, pini zikiwa bado zimo ubavuni. Sijawahi kumwona mama akimpiga mtu kabla ya siku ile, wala baada yake. Dada hakulia. Alishika shavu, akanitazama mimi badala ya mama, kana kwamba mimi ndiye ningeweza kumweleza kilichotokea.

"Mama, wallahi sijaguswa na mutu," akasema.

"Vaa nguo yako. Tunaenda."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Nililala naye kitanda kimoja tangu nilipoachishwa ziwa, na nilimwita Yaya kama tunavyowaita dada wakubwa kwetu. Nilijua anatoka saa ngapi na anarudi saa ngapi. Nilijua hakuna mtu. Lakini tumbo nililiona kwa macho yangu nalo lilikuwepo, na sikujua niamini kipi.

Mama alimwita mkunga mmoja mzee kutoka Gashoho, mwanamke aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa wetu. Alimlaza Yaya juu ya mkeka, akampapasa kuanzia chini kwenda juu, kisha akarudia kutoka juu kwenda chini. Alipofika chini ya mbavu za kulia, Yaya aliguna.

"Oya, hapana," mkunga akasema, akajifuta mikono kwenye kitenge chake. "Hii si mutoto. Mutoto anakaaga chini. Hii iko huku juu, kwa mbavu, na inakaza kama mupira. Peleka yeye kwa madaktari, mama. Mi hii siijue."

Kama maneno hayo yangetoka nje kwa kasi ya maneno ya fundi, maisha ya dada yangu yangekwenda njia nyingine. Lakini watu walipenda habari ya kwanza zaidi. Haikupita wiki mbili, akaja bibi mmoja kutoka Gitega, shangazi wa bwana harusi. Aliketi barazani, akakataa chai, akasema wao ni watu wa heshima na wangependa kurudishiwa vitu vyao. Mama alivitoa kimoja kimoja: vitenge, sanduku dogo la bati, viatu vyeupe ambavyo Yaya hakuwahi kuvivaa nje ya chumba chetu. Yule bibi alikunja kila kitu polepole, tena vizuri, kama mtu anayefunga safari.

Baba ndiye aliyekuwa mchinjaji wa mji, mtu mrefu, msafi kupita kiasi, aliyenoa visu vyake mwenyewe na kufua kanzu yake mwenyewe kwa sababu alisema wanawake hawajui kutoa damu. Wote walimwamini, Waislamu kwa Wakristo. Baada ya bibi yule kuondoka, aliacha kula chakula kilichopikwa na Yaya. Akiingia chumbani, Yaya anatoka. Haya yaliendelea kwa majuma, na nyumba yetu ilikuwa ya vyumba vitatu tu.

Lazima niseme habari za machinjio, kwa sababu bila hayo hakuna kitakachoeleweka. Yalikuwa nje kidogo ya mji, sakafu ya saruji na paa la bati, na nyuma yake bonde lenye kijito. Ilikuwa miaka ile ya kwanza baada ya uhuru. Mara moja moja alikuja mkaguzi wa mifugo na muhuri wake, siku nyingi hakuja, na baba alijikagulia mwenyewe. Alikuwa na jicho kali. Akilitoa ini la ng'ombe au la kondoo, aliligeuza kwenye mwanga, akilikandakanda kwa vidole. Kuna maini yaliyokuwa na vifuko vya maji, vyeupe, vingine vidogo kama harage, vingine vikubwa kama chungwa. Ukivichoma kwa kisu yanaruka maji maangavu kabisa. Mengine yalikuwa na vipande vigumu kama mawe, kisu kikilia kinapogusa.

"Hii siwezi uzia mutu," baba alisema siku zote. Hata mnunuzi akiomba apewe bure alikataa. Alilichukua ini zima na kulitupa nyuma, bondeni, na mbwa waliokuwa wakingoja tangu alfajiri walilipigania. Aliona amefanya jambo jema mara mbili: hakumlisha mtu uchafu, na viumbe wa Mungu wamepata riziki.

Mimi na Yaya tulimpelekea baba chakula cha mchana tangu tukiwa wadogo. Yaya alinibeba mgongoni kabla sijaweza kutembea njia yote ile.

Miezi mitatu baada ya kofi, Yaya alianza homa. Macho yake yakawa ya njano. Alikonda mikono na uso, tumbo likabaki peke yake, limejaa upande mmoja. Hapo hata jirani waliokuwa wakihesabu miezi vidoleni waliacha kuhesabu. Asubuhi moja alishindwa kuinuka. Mama alimfuata baba mlangoni, baba akiwa amebeba visu vyake.

"Mutoto anakufa," mama akasema. "Mi namupeleka Gitega leo. We ukae na heshima yako."

Baba alisimama. Kisha akatoka, na baada ya nusu saa likaja lori la kahawa likasimama mbele ya nyumba, na dereva akasema mzee wa nyama amemwomba atuchukue. Yaya alilazwa juu ya magunia, kichwa kwenye mapaja ya mama, nami nikamshikia miguu. Kila shimo la barabara lilimtoa sauti. Ndivyo tulivyofika Gitega, mji ambao angeingia akiwa bibi harusi.

Hospitalini, daktari alikuwa Mzungu asiyejua Kiswahili wala Kirundi cha kutosha. Aliyetutafsiria alikuwa muuguzi, mwanamume wa makamo mzaliwa wa Buraza, mwenye sauti ya chini na subira nyingi. Daktari alimpapasa Yaya mahali pale pale alipopapasa mkunga. Alimgonga kwa kidole juu ya kingine, akasikiliza, akasema maneno mafupi kwa Kifaransa. Wakampeleka kupigwa radio, yaani picha ya mionzi. Daktari aliirudisha picha akiwa ameishika juu, dirishani.

Muuguzi akamgeukia mama. "Daktari anauliza, baba wa huyu mutoto anafanyaka kazi gani?"

"Ni muchinjaji."

Alipotafsiriwa, yule Mzungu aliishusha picha na kuuliza tena.

"Muko na mbwa nyumbani?" muuguzi akatafsiri.

Mama alikasirika. "Sisi ni Waislamu. Mbwa haingiaka kwetu."

Hapo Yaya akanitazama, nami nikamtazama yeye. Nilikuwa na miaka minne au mitano jambo lile lilipotokea, lakini nakumbuka. Mbwa mmoja jike alizaa nyuma ya machinjio, na Yaya alimchukua mtoto wake mmoja, wa rangi ya majivu, akamficha ndani ya kitenge. Tulicheza naye kila siku ya chakula cha mchana kwa msimu mzima. Alitulamba mikono na midomo. Mwalimu wa madrasa alikuwa ametufundisha kwamba chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sisi tulinawa mara moja tu, haraka, kijitoni, tukiogopa kwamba tukikawia mama atauliza tulikuwa wapi.

"Semeni," muuguzi akasema. Alikuwa ametuona.

Yaya ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, macho yake ya njano yakitazama ukuta. Mama alisikiliza huku mkono umeziba mdomo. Muuguzi alimtafsiria daktari, daktari akajibu kwa kirefu, na muuguzi akavuta kiti akakaa mbele yetu kabla ya kutuambia.

"Sikia mama. Huyu binti haiko na mimba. Hakuna siku alikuwa na mimba. Iko na munyoo, tegu, lakini si ile tegu munajua. Hii inakaaga mu mbwa, kadogo kuliko muchele. Mbwa anaipata akikula ini mbaya, ile iko na maji maji. Alors, basi, mayai inatoka na mavi ya mbwa, inashika mu nywele yake, mu majani, mu maji. Mutoto anagusa, anaweka mu kinywa. Yai inapasuka mu tumbo, inaenda mpaka mu ini. Pale inajenga nyumba ya maji. Kila mwaka inakomaa kidogo. Miaka kumi, kumi na tano. Mutu hajue kitu."

Mama aliuliza swali moja tu. "Ile ini mbaya mbwa anaipata wapi?"



Walimpasua Yaya siku mbili baadaye. Daktari alikuwa amesema hatari ni maji yale kumwagika ndani, kwa kuwa yanaweza kumuua mtu mezani, au yakapanda vifuko vingine tumboni kama mbegu. Tulikaa kwenye nyasi za uani tangu asubuhi mpaka adhuhuri imepita. Mama alisali bila kuinuka kati ya sala na sala. Muuguzi alipotoka kanzu yake ya upasuaji ilikuwa imelowa, lakini alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa namna ya mtu mwenye habari nzuri.

"Anapumua. Kujeni muone."

Hakutupeleka kwa Yaya kwanza. Ndani ya beseni la enameli kulikuwa na kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nakunja vidole. Ngozi nyeupe, laini, inayoteleza kama ute wa yai lililochemshwa kidogo, kubwa kama kichwa cha mtoto, na ndani yake vifuko vingine, vingi, vimebanana, vinang'aa kama macho ya samaki. Nilivijua. Nilikuwa nimeviona mara ngapi kwenye mikono ya baba? Ni vile vile. Ndani ya dada yangu, aliyelala nami kitanda kimoja, aliyenisuka nywele, kulikuwa na vitu vile vile ambavyo baba alikataa kumuuzia mtu. Nilitapika pale pale mlangoni, na muuguzi akanishika kichwa.

Baada ya kuniosha uso alinieleza jambo jingine. Alisema daktari alipofungua alikuta ini lenyewe limejenga ukuta kuzunguka kile kifuko, kovu nene, gumu kama ngozi ya kiatu. "Mwili si mujinga," alisema. "Inajua iko mugeni. Inamuzungushia ukuta, kila mwaka inaongeza. Bila ile ukuta dada yako angekuwa amekufa zamani. Lakini mugeni naye alikuwa na nguvu."

Kisha akasema daktari ametaka mimi nami nipigwe picha, kwa kuwa nililambwa na mbwa yule yule. Mama pia. Sikuogopa. Nilikuwa mzima, sikuwahi hata kulazwa.

Picha ya mama ilitoka safi. Yangu, daktari aliiweka kwenye mwanga wa dirisha na kuita, na muuguzi akaenda mbio. Nikaona mwenyewe kabla hawajaniambia. Chini ya mbavu za kulia kulikuwa na duara jeupe, dogo kama pera, ukingo wake mweupe zaidi, kama ganda la yai.

Mama alianza kulia kwa sauti, kilio cha msiba, wagonjwa wa wodi nzima wakageuka. "Wote wawili! Mungu wangu, wote wawili!"

"Oya, mama, oya! Nyamaza usikie!" Muuguzi alilazimika kupaza sauti. "Hii imekufa. Iko imekufa kitambo. Muone hii ukingo: ni chokaa. Ukuta ya ini yake ilishinda. Ilifunga munyoo mpaka ikakauka. Hatumupasue huyu. Hakuna kitu ya kutoa, ni kovu tu."

"Kwa nini mimi?" nikauliza. "Kwa nini ini ya Yaya haikufunga yake?"

Alimuuliza daktari. Daktari alinitazama, akainua mabega, akajibu kwa maneno machache.

"Anasema hajue. Pengine we ulimeza mayai kidogo. Pengine damu yako ni kali kwa hii kitu. Kuna kondoo, kundi moja, majani moja, huyu anapata kifuko na huyu anabaki na jiwe. Anasema hakuna mutu anajua bado."

Nilikaa na jibu hilo siku nyingi, na sijaweza kusema limeniacha. Mwili wangu ulipigana vita usiku na mchana nikiwa nacheza kombolela, ukashinda, na hakuna aliyenipa habari. Wa Yaya ulipigana vile vile. Yeye akapigwa kofi, akanyang'anywa vitenge, akaachwa ale peke yake jikoni.

Baba alifika siku ya sita. Hatukumwita. Alikuja kwa lori lile lile, amevaa kanzu yake safi, na kwenye kikapu alikuwa na mkate na mchuzi wa mbuzi ambao aliupika mwenyewe. Nadhani alikuja kuuliza kama bado anaye binti. Mama alimwacha asimame. Muuguzi ndiye aliyemchukua kando, akamkalisha kwenye ngazi za wodi, na nilimwona akimweleza kwa mikono: ini, mbwa, kijito, mtoto. Baba alikuwa akiitikia kwa kichwa mwanzoni, kama mtu mwenye ujuzi wa maini anayesikiliza mwenzake. Halafu kichwa kikasimama.

"Ni mimi njo nilikuwa ninawalisha," akasema. Nilimsikia kutoka dirishani. "Ile mbwa. Mi njo nilikuwa ninawalisha."

"Mzee, haukujua."

"Mi nilisema siwezi uzia mutu. Nikamupa mwanangu."

Alipoingia kwa Yaya hakusema samahani. Wanaume wa umri wake hawakulijua neno hilo mbele ya mabinti zao. Alifungua kikapu, akamega mkate, akauchovya kwenye mchuzi na kumlisha kwa mkono wake, tonge kwa tonge. Yaya alikula yote, ingawa alikuwa amekatazwa mafuta. Alipomaliza alisema, "Baba, ulikonda."

Yule bibi wa Gitega naye alikuja, habari zilipomfikia kwamba kumbe ni mnyoo. Alikuja na machungwa na tabasamu, akasema kijana bado yuko tayari. Yaya alimshukuru kwa machungwa. "Kijana umuambie mi nimepona," alisema. "Umuambie tu hivyo." Hakuongeza neno, na bibi akakaa kidogo, akaondoka.

Yaya aliolewa miaka mitatu baadaye na mwalimu wa Giheta, aliyefiwa na mkewe, mwenye mtoto mmoja, na akazaa wanne. Alipasuliwa mara ya pili akiwa na miaka thelathini na kitu, kwa sababu kifuko kingine kilijitokeza karibu na kile cha kwanza. Anaishi. Kovu lake limekatiza tumbo kama njia ya miguu, na wajukuu wakimuuliza anawaambia ukweli wote, pamoja na kofi.

Baba aliporudi Muyinga alichimba shimo nyuma ya machinjio, refu kuliko yeye. Kila ini lenye vifuko alilichoma moto kwanza, kisha akalifukia na kuweka mawe juu. Wachinjaji wengine walimcheka. Mbwa walingoja kwa majuma kadhaa, kisha wakatawanyika.

Lakini kilichomnyima usingizi ni hesabu nyingine: wale watoto wote waliocheza bondeni, wale waliochota maji chini ya kijito. Akaanza kuwatembelea. Siku ambazo hakuchinja alivaa kanzu, akaenda nyumba kwa nyumba, kilima kwa kilima, akiuliza kama kuna mtu mwenye tumbo lisiloeleweka. Watu walidhani amepata wazimu. Mchinjaji anauliza habari za matumbo ya watu!

Karibu na soko la Gashoho alimpata mwanamke kijana ambaye mumewe alimfukuza kwa kuwa alikuwa na mimba ya miaka miwili isiyozaliwa. Ndugu zake walisema amerogwa. Baba alikaa nao siku nzima kuwaeleza, akachora ini kwenye vumbi kwa kijiti, akawaambia habari za binti yake mwenyewe, aibu yote, bila kuficha. Wakakubali. Akamtafutia lori, akapanda naye na mama yake mpaka Gitega.

Alirudi baada ya siku nne. Tulikuwa tunakula. Mama akamuuliza, "Alors, wamemupasua?"

"Kifuko ilipasuka mu njia," baba akasema. "Shimo moja tu ya barabara. Tulifika, alikuwa amekwisha."

Alinawa mikono, akakaa mkekani, hakugusa chakula. Asubuhi iliyofuata haikuwa siku ya kuchinja. Alivaa kanzu, akachukua fimbo yake na kushika njia ya vilima vya upande wa pili, ambako alikuwa hajauliza bado.